Rangi Ikitoka, Karani Naye Atoke

Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Kahawa Rwagati,
S.L.P. Muleba.
3 Julai 1969

Ndugu Afisa Ushirika wa Wilaya,
Bukoba.

Ndugu,

YAH: OMBI LA KUPIGA MARUFUKU HOTUBA JUU YA BONETI

Kwa heshima nyingi, na baada ya kuirudia barua hii mara kadhaa ili isionekane ya mtu mwenye hasira, naomba kukueleza hali ya gari la chama chetu, Pijo ya buluu iliyonunuliwa kwa kahawa ya wanachama wote. Sina hasira. Nina hofu tu, na hofu, kwa kadiri nilivyosoma kanuni za utumishi, haijakatazwa.

Jumatatu ijayo, siku ya Saba Saba, mgeni rasmi atapanda gari hilo kutoka barabara kuu hadi uwanja wa mkutano. Kamati iliamua ling'ae. Nikatumwa Bukoba kuazima mashine ya kung'arishia katika duka la vipuri la akina Mulji, Bilele, na niliporudi nayo nikateuliwa kuwa Msimamizi wa Mng'ao. Mwenyekiti wetu, Ta Rugaibula, alinishika bega mbele ya kamati akasema, "Kijana, wewe umesoma. Rangi ikitoka, karani naye atoke." Wajumbe walicheka. Mimi pia nilicheka, ila nilichelewa kuanza.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Bibi Hemlata Mulji, mwenye duka, alinifundisha kazi hiyo kwa kutumia mlango wa lori bovu. Gari lioshwe mpaka chembe ya mwisho ya mchanga iondoke. Dawa ya kung'arishia iwe kidogo. Mashine ilazwe sawasawa, iende kwa mwendo mdogo, na isisimame mahali pamoja, maana rangi hupata moto ikaungua. Kwenye kingo na mikunjo ya bati isifike kabisa, kwa sababu huko rangi ni nyembamba. Na kila mara joto lipimwe kwa mgongo wa mkono. Alipomaliza aliniangalia kuanzia viatu, akasema, "Mashine haina akili, karani. Akili utabeba wewe, na mashine utarudisha wewe." Niliyaandika yote, nikayasoma mbele ya mkutano mkuu, yakapigiwa makofi. Mimi nikaamini kwamba makofi ni dalili ya kusikilizwa.

2. Gari lilioshwa na kikundi cha akina mama chini ya Ma Kokuhirwa. Siwalaumu. Waliliosha kwa moyo wao wote, yaani kama wanavyosugua sufuria, kwa majivu na maganda makavu ya mgomba. Nilipouliza kwa adabu kama majivu hayana mchanga ndani yake, Ma Kokuhirwa aliniambia, "Sufuria yangu niliolewa nayo, na mpaka leo unaweza kunyoa ndevu ukijitazama humo. Wewe ndevu unazo?" Sina.

3. Nilipendekeza mashine ishikwe na mtu mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, na mtu huyo awe dereva wetu, Karugendo, ambaye ana mkono mtulivu. Ndugu Kagaruki, kiongozi wa vijana, alisimama akauliza kama karani anataka ubepari urudi kwa kupitia mlango wa gereji. Gari ni la wote, alisema, na mng'ao wake lazima uwe wa wote. Ikaamuliwa kwamba kila mwanachama atashika mashine kwa zamu.

4. Kila mwanachama alichagua boneti.

Nilijaribu kugawa: watu wa tawi la juu wachukue paa, wa tawi la chini milango, na wa ziwani buti. Nikaambiwa kwamba nimeanzisha tabaka la boneti na tabaka la bampa. Ndugu, nimeitafakari hoja hiyo kwa bidii na sijaona kosa lake.

5. Ta Rugaibula ndiye aliyefungua kazi. Jenereta ya ghala iliwashwa, mashine ikaanza kuzunguka, naye akaiweka katikati ya boneti. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wamekusanyika na yeye alikuwa tayari amesimama mbele yao, akaanza kuhutubia. Alipaza sauti ili aishinde mashine. Aliwasalimu wazee, akina mama na vijana. Alimshukuru padri kwa viti. Aliwatambulisha wajumbe wa kamati mmoja mmoja, na mmoja wao alikuwa amekwenda kujisaidia, kwa hiyo akasubiriwa. Halafu akaingia katika bei ya kahawa. Muda huo wote mashine ilikuwa inazunguka pale pale. Niliinua mkono. Akasema, "Maswali mwishoni." Niliinua mikono yote miwili. Akasema, "Mnaona vijana wa siku hizi, hata bei ya kahawa hawaivumilii." Harufu ilianza kupanda. Mzee aliyekuwa kando yangu alivuta pumzi akaniambia kwamba hivyo ndivyo kiwanda kinavyonukia. Hapo Ma Kokuhirwa, ambaye ndiye pekee aliyekumbuka mafundisho yangu, aliweka mgongo wa mkono kwenye boneti, akautoa haraka na kutangaza, "Limeiva." Vigelegele vilipigwa.

6. Waliofuata hawakutaka kuonekana na maneno machache kuliko Mwenyekiti. Nimepata kusikia, juu ya boneti hiyo, habari za mbolea, za ng'ombe aliyepotea, na za mtu aliyefaulu mtihani. Ndugu Kagaruki peke yake hakusimama mahali pamoja, nikamshukuru Mungu, mpaka nilipotambua kwamba anaelekea kwenye kingo. Alieleza kuwa maeneo ya pembezoni yalisahauliwa na mkoloni, na kwamba yeye ataanza na hayo.

7. Hali ya boneti kwa sasa ni hii. Kwenye kingo ni kijivu cha rangi ya chini. Sehemu iliyobaki ni buluu yenye mikwaruzo ya mviringo kama visahani. Katikati, pale ilipotolewa bei ya kahawa, ni chuma kitupu, cheupe, kinachowaka juani hata kuku wanakizunguka. Nilidhani wanachama wataona haya. Wamefurahi. Wanasema hiyo ndiyo sura halisi ya gari, na kwamba buluu ilipakwa na kiwanda ili kuwaficha wakulima mali yao. Imeazimiwa kwamba kabla ya Jumatatu gari zima lifikie kiwango cha bei ya kahawa.

8. Tawi la ziwani, ambalo zamu yake ni keshokutwa Jumamosi, limeleta malalamiko kwamba litakuta rangi imeshatolewa na wengine. Linadai inunuliwe rangi mpya, ipakwe kesho, ili nao wapate ya kuitoa. Kamati imeona dai hilo ni la haki. Nimeagizwa kuandika oda. Nimeiandika, na inasomeka.

Ndugu Afisa, nimesema sina hasira. Lakini Jumatatu mgeni rasmi ataiona boneti, atauliza, na vidole vyote vitaelekezwa kwa karani aliyesoma. Kwa hiyo naomba, kwa amri yenye muhuri wako, ipigwe marufuku kwa mtu yeyote kuhutubia akiwa ameshika mashine inayozunguka, na gari letu lisiguswe tena na mkono wa mwanachama, awe mzee au kijana.

Kama hilo ni gumu, naomba mgeni rasmi apokewe upande wa buti. Buti bado ni la buluu safi, kwa kuwa hakuna aliyelitaka. Karugendo amejaribu kuliendesha gari kinyumenyume kutoka barabara kuu hadi uwanjani na anaweza, ingawa leo hawezi kugeuza shingo.

Na kama hilo nalo ni gumu, basi naomba magari yote ya ofisi za wilaya, likiwemo lako, yakwanguliwe boneti kabla ya Jumatatu, ili letu lisiwe peke yake barabarani. Usawa ndiyo siasa yetu. Mashine ninayo hapa, na wahutubiaji sitakosa.

Nifikishie salamu kwa mama wa nyumbani kwako na watoto, kwa mpiga taipu wenu aliyewahi kunikopesha utepe, kwa mlinzi wa getini, na kwa dereva wako, ambaye nasikia hulifuta gari lako kwa kitambaa tu. Mwambie aendelee hivyo hivyo.

Ni mimi, nikiwa katika utii na wasiwasi,

Protase Buberwa
Karani na Msimamizi wa Mng'ao

Nyongeza: Ukiona vema kutoa marufuku hiyo, naomba ianze kutumika Jumamosi saa sita mchana, si kabla ya hapo. Nimeshtuka kuona kwamba na mimi nimepewa zamu, saa nne asubuhi, na rangi mpya imefika jioni hii, ni nzuri ajabu. Mchumba wangu Immakulata anakuja kutoka Kahororo kunitazama. Nimechukua boneti. Nimeandaa na maneno machache. Nimeyafupisha mara mbili, lakini sehemu ya shukrani haikubali kufupishwa.