Roketi ya Kuzuia Mvua ya Mawe

Jumatatu, 7 Novemba 1994
Mbinga. Mwaka wa pili tangu kiwanda cha Dar kiuzwe, nami nipunguzwe kazi. Leo sokoni nimesikia Nazari, fundi wa mashine za kusaga, akiitwa Injinia. Na watu wazima! Mimi niliyepima injini za roketi ng'ambo miaka kumi na moja naitwa Baba Fataki. Kule tuliifunga injini chini isiruke, tukaiwasha, tukasoma inasukuma kwa nguvu kiasi gani. Nazari hata mbuzi akimfunga hufunguka.

Jumatano, 9 Novemba
Wazo! Mwaka jana mvua ya mawe iliwapukutishia kahawa wakulima wa Namswea. Ng'ambo hurusha roketi mawinguni, mawe yanashuka yakiwa maji. Mnunuzi mpya wa kahawa, mtu wa kampuni binafsi, kasema atanisikiliza nikimwonyesha kipimo. Anakuja Jumamosi. Mke wangu Walburga kauliza nani atasimama karibu na kitu hicho. Swali la mtu asiyesoma fizikia.

Ijumaa, 11 Novemba
Chama cha msingi cha ushirika wameniazima mizani yao ya kahawa; nitaifunga roketi juu yake, mshale uonyeshe inasukuma kiasi gani. Tangu wanunuzi binafsi waje na za kwao, ile ilikuwa inalaliwa na kuku. Kaka yake Walburga, Damiano, kapanda kutoka Mbaha, kando ya ziwa, na usipa wa kuuza, dagaa wa huko. Mshona nyavu huyu, macho makali ajabu. Nimemteua Msomaji Mkuu wa Mizani. Kauliza, kwa heshima, mimi nitasimama wapi. Nikamjibu mhandisi husimama panapoonekana kila kitu. Yaani nyuma ya kichuguu. Nazari kapita, kasema bomba la roketi yangu lina ufa. Wivu!

Jumamosi, 12 Novemba
Limelipuka. Saa nne asubuhi, nyuma ya nyumba. Bomba lilipasukia ubavuni, ukuta wa jiko umelala chini. Mnunuzi kaondoka bila kuaga. Damiano tulimbeba kwa machela hadi hospitali. Nazari alishika upande wa mbele. Ule ufa hakuutaja njia nzima. Afadhali angesema.

Jumatatu, 14 Novemba
Damiano hataona tena. Macho yote mawili. Daktari alisema polepole, Walburga akakaa sakafuni. Nilimwuliza Damiano, kwa upole kabisa, mshale wa mizani ulifika wapi.
"Shemeji, sikuusoma," akasema. "Nilikuwa nakutazama wewe unavyokimbia."
Nikatoka, nikalia nyuma ya tangi la maji. Halafu nikaandika kwenye daftari: kipimo hakikupatikana.

Alhamisi, 17 Novemba
Walburga kampeleka kaka yake Mbaha. Kachukua watoto na sufuria zote. Kasema atamshika mkono mpaka azoee njia ya ziwani, na mimi nisithubutu kushuka huko. Jioni mawe yamenyesha Namswea. Kahawa chini. Hakuna aliyekuja kuniuliza chochote.

Jumapili, 20 Novemba
Misa. Padri kamwombea Damiano, kanisa zima likageuka kunitazama. Baada ya misa nimejichunguza kwa uaminifu, bila kujipendelea. Kosa nimeliona: msomaji aliangalia pembeni! Nimeshaongea na Ignatio wa kwaya, hana kazi tangu chama kimpunguze, na husoma Biblia bila miwani. Kakubali kusoma mizani. Jumamosi, saa nne. Nimemwagiza asimame karibu zaidi na mizani, na asinitazame mimi.