Mkono wa Mgeni Aliyejifunika

Jumatano, 27 Desemba
Presha 180 kwa 110. Mapigo 100! Mwanangu Ambrose kaapa: isiposhuka ifikapo tarehe sita, ananihamishia nyumba ya wazee mjini. Mimi! Niliyezaa saba kwenye kitanda hiki hiki! Nesi Loretta ameagiza nipime kila siku na kuandika. Kaa dakika tano, mgongo uegemee, miguu sakafuni, mdomo ufunge. Mdomo! Presha nzuri haizidi 120 kwa 80, eti, na moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100. Na niache nyama ya chumvi. Nimemwambia hata shetani hana roho hiyo.

Alhamisi, 28 Desemba
Hila. Nimemwomba jirani Blanche aniazime mkono wake nipime. Kanijibu mkono wenye 116 kwa 74 si unga wa kuazimana. Mringaji! Ateleze kwenye barafu. Kidogo tu.

Jumamosi, 30 Desemba
Mchana mweupe wamepita wageni wa Krismasi, majirani wanaozunguka nyumba kwa nyumba, nyuso zimefunikwa, makoti kinyumenyume. Desturi ni mwenye nyumba kukisia nani ni nani. Ukimtaja mtu sawasawa, anajifunua na kwenda zake. Niliwatambua wote kwa mwendo tu. Wakaenda. Mmoja akabaki. Pazia la lesi usoni, koti la mvuvi linachuruzika maji. Anaongea kama wote wafanyavyo, kwa kuvuta pumzi ndani ili sauti isijulikane. Ila huyu sijamsikia akiitoa pumzi nje. Nikamfunga mashine ya presha. 118 kwa 76, mapigo 62! Nikaandika upesi. Jina lake sikukisia. Nani humfukuza ng'ombe anayetoa maziwa?

Jumatatu, 1 Januari
Karudi. Nyayo kwenye theluji hakuna. 90 kwa 60, mapigo 40. Inashuka, afya hiyo! Nimemlisha keki. Imepita chini ya pazia, ila kutafuna sijasikia. Maskini, labda hana meno. Nimemkatia kipande kingine.

Alhamisi, 4 Januari
Mgeni leo 60 kwa 50. Mapigo 20! Nesi kapiga simu, nikamsomea kwa majivuno. Kisha akauliza, bibi, unaongea nami kutoka wapi? Anasema kushuka nako kuna mpaka. Mtu wa namba hizo hapokei simu, anaombewa. Jumamosi Ambrose atakuja kunipima kwa macho yake. Nimekwisha! Blanche naye, akipita dirishani, kauliza kwa nini nakifunga mashine kiti kitupu kilicholowa. Wivu tu.

Jumamosi, 6 Januari
Sikwenda shule, lakini kugawa samaki nusu kwa nusu nilijua kabla ya herufi. 180 yangu na 60 ya mgeni, katikati 120. 110 na 50, katikati 80. Mapigo yangu 100, yake 20, katikati 60. Mbona sikuwaza mapema! Nikajitanda shali, mikono yetu miwili nikaibana kwenye kitambaa kimoja cha mashine. Ambrose akabonyeza mwenyewe. 120 kwa 80. Mapigo 60! Kanibusu, kasema mama, baki kwako. Hakumsalimu mgeni. Sikumlea hivyo!

Ambrose kaondoka. Nimevua kitambaa, mgeni hataki kuniachia. Mkono wake umepata joto, wangu ndio baridi. Nimejipima mwenyewe, mkono wa pili, bila hila yoyote. 60 kwa 50, mapigo 20.

Nimepona! Jumatatu namwambia Nesi: dawa ya presha ni kukaribisha wageni.