Orodha Niliyoisomea Saluni

Jumatatu, 2 Juni 2025

Ukungu mpaka saa tano. Raphaeli anaota meno mawili kwa mpigo, sijalala. Nimefika kwenye shauri blauzi ikiwa nje-ndani. Mwakilishi wangu, Bwana Kisioki wa chama cha wafanyakazi, aliona akanyamaza. Muungwana.

Loji walinifukuza udobi kwa kosa la utoro, siku nne. Leo mwamuzi amewalazimisha kuleta orodha ya mahudhurio ya wafanyakazi wote. Siku zangu nne zipo. Dobi mwenzangu ana kumi na moja na hajaguswa! Bwana Kisioki anasema kesi yangu iko hapo hapo. Nikishinda, narudi kazini.

Mwamuzi, mama mmoja mpole mwenye miwani, akatoa amri ya kutunza siri. Orodha ni ya shauri hili tu. Niione mimi, mwakilishi wangu, na shahidi akiruhusiwa. Nisitoe nakala, nisipige picha, nisimwonyeshe mwingine yeyote. Nikasaini kwa madaha kama mtu anayenunua shamba.

Jumanne, 3 Juni

Orodha iko chini ya godoro la mtoto. Natembea na kichwa juu.

Bwana Kisioki amekuja kuitaka, aandae maswali. Nikamkatalia. Nikamweleza kwamba kuna amri. Akavua kofia, akajikuna, akasema, "Mama Raphaeli, kwenye hiyo amri mimi nimetajwa." Nikasema amri ni amri. Ikabidi anisomee aya ya pili, kidole kikiwa juu ya jina lake. Nikampa, ila asome akiwa amekaa, mlango wazi.

Akaomba na kadi ya kliniki ya mtoto. Nimeifunga pamoja na orodha, kwa hiyo nikasema nayo ni siri. Akaondoka akitikisa kichwa. Nadhani amevutiwa na msimamo wangu.

Jumatano, 4 Juni

Wifi Anneth, dada wa mume wangu, ana saluni njia ya sokoni. Amewaambia wateja kwamba kaka yake Martini anakula vumbi Ngorongoro akiendesha watalii, ili kulisha mwanamke mtoro. Nimeletewa habari na watu wawili, mmoja bado ana rola kichwani.

Mtoro! Mimi!

Nimewaza huku nikifua nepi. Amri imetaja nakala. Imetaja picha. Imetaja kuonyesha. Kusoma kwa sauti haikutaja! Nimerudia aya mara tatu na povu mkononi. Watu wa sheria wamesoma miaka yote ile halafu wanaacha tundu la kupita ng'ombe.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekwenda saluni. Mtoto mgongoni, orodha kifuani. Nikakaa kwenye kiti cha kukaushia nywele, karatasi nimeielekeza kwangu. Anneth akanyoosha shingo, nikageuza kiti. Majina sikutaja hata moja. Nina akili zangu.

Nikasoma: dobi wa kwanza, siku nne. Dobi wa pili, siku kumi na moja.

Raha niliyoisikia! Anneth akauliza hizo kumi na moja ni za nini. Kuna safu ya sababu. Ulimi ulishashika mteremko. Nikasoma kabla sijaelewa ninachosoma.

"Machi. Mimba imeharibika."

Anneth akashusha kitana. Akasema taratibu, "Wifi, si mko madobi wawili tu pale?"

Marsela. Jirani yangu, rafiki yangu, na shahidi wangu wa pekee. Mwezi wa tatu aliniambia ni mgongo. Nikampa dawa ya kuchua, akashukuru.

Nimekunja karatasi. Nikawatangazia wanawake wanne wenye povu kichwani kwamba hii ni siri ya shauri. Wakaitikia wote kwa pamoja.

Jumamosi, 7 Juni

Siku ya mnada. Sijaenda, naogopa macho.

Habari imemkuta Bibi Brigita, mama mkwe wa Marsela, akichagua sufuria mnadani. Bibi ni mtu wa Mbulu ya zamani. Zamani Wairaqw walikuwa na metimani: mwanamke aliyepoteza mimba hutengwa miezi, hapigi hodi kwa watu, hasa penye mtoto mchanga. Paroko amesema mambo hayo yamekwisha. Bibi Brigita na paroko hawajakubaliana. Kumbe ndiyo sababu Marsela alificha.

Sasa kikombe chake kimewekwa nje, peke yake, juu ya tofali. Nakiona kutoka dirishani kwangu.

Nikapata mpango. Nikakimbia saluni kusema nilikosea mstari, ile sababu ilikuwa ya mpishi. Anneth akauliza mpishi yupi. Pale mpishi ni mmoja, Tajewo, na ana ndevu.

Nimerudi nyumbani nikalia juu ya beseni la nepi.

Jumatatu, 9 Juni

Bwana Kisioki alisema nikiri mwenyewe kabla loji hawajasema. Nikakiri. Nikaeleza kuhusu kusoma, kwamba haikutajwa. Mwamuzi akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Mama, nilikukataza yaliyomo. Karatasi yenyewe ningeifanyia nini?"

Akasema siri ile hakuwalindia loji. Aliwalindia wale waliomo kwenye orodha, ambao hawakuomba kuingizwa kwenye kesi yangu. Ningehitaji kumwonyesha mtu mwingine, ningeomba. Angeziba majina na safu ya sababu, kisha angeamua.

Bwana Kisioki akauliza kuhusu kadi ya kliniki. Mwamuzi akashangaa. Kadi ni yangu, nilikuwa nayo kabla ya shauri, amri haiigusi. Akaifungua. Mihuri minne ya kliniki, siku zile zile nne. Akasema ningeweza hata kuibandika mlangoni mwa saluni.

Kwa hiyo Anneth nilikuwa nimeshamshinda tangu mwanzo. Na ushindi wenyewe nilikuwa nimeuficha chini ya godoro.

Orodha imerudi kwa karani. Nitaisoma mbele yake tu. Loji wanaomba iondolewe kabisa kwenye ushahidi. Itaamuliwa Ijumaa, siku ambayo Marsela alikuwa aje kunitolea ushahidi. Kadi inaonyesha nilikuwa wapi, lakini bila orodha au Marsela siwezi kuonyesha kwamba mimi peke yangu ndiye niliyeadhibiwa. Kazi yangu imesimama kwenye mdomo wa mtu niliyemwaga siri yake.

Jumanne, 10 Juni

Marsela amekuja. Hakupiga hodi. Amesimama nje ya ua, kanga begani, kwenye ukungu.

Nilikuwa nimepanga maneno. Akaniwahi. Akasema hana nguvu ya kunigombeza.

"Niandikie. Ulichofanya, chote, kwa mkono wako. Nitampa mume wangu nikitaka mwenyewe. Asisome mtu mwingine, mama Raphaeli. Ukinipa hiyo, Ijumaa nitakuja."

Nikasema ndiyo. Halafu nikamfungua Raphaeli mgongoni, nikampitisha juu ya ua. Marsela akarudi nyuma hatua moja. Nikamwambia ashike, mikono yangu inachoka. Akashika. Mtoto akamvuta kilemba, akacheka kwa meno yake mawili. Marsela akaficha uso kwenye shingo yake, wakakaa hivyo.

Bibi Brigita alikuwa mlangoni kwake anatuangalia. Nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote. Mtoto sikumchukua.

Aibu bado ipo. Lakini leo nimekula.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemaliza barua! Kurasa mbili. Nimeandika yote, kuanzia kiti cha kukaushia nywele mpaka kikombe juu ya tofali. Nimelia mara mbili; mara ya pili nimemwamsha mtoto. Sijawahi kuandika kitu kizuri namna hii. Marsela anaipata kesho asubuhi, kabla ya shauri.

Ila shuleni insha zilinishinda, na barua kama hii si ya kukosea. Mtu wa karibu aliyefika kidato cha sita ni mmoja tu. Nimeisoma tena ile amri ya mwamuzi: inahusu nyaraka za shauri. Barua si waraka wa shauri. Na Marsela alisema asisome mtu.

Nimemwachia Wifi Anneth pale saluni. Nimemwambia aangalie nukta tu, maneno ayaruke. Kuangalia nukta si kusoma. Ameahidi, mbele ya wateja wote.