Maiti Aliyekataa Kucheka

Jumatatu, 3 Juni

Kuna Mnorwei studio! Mama wa makamo, jina lake Solveig, anaandika makala kuhusu sinema yetu ya Kitamil. Kila kitu kwake ajabu. Kwa nini tunaponda ndimu chini ya magurudumu ya kamera? Kwa nini sauti ya nyota wa kike inatiwa na mwanamke mwingine? Anauliza, anaandika. Na kwenye makala zake anataja majina ya watu!

Miaka thelathini na moja nimekuwa maiti kwenye filamu za Chennai. Jina langu halijaandikwa popote, hata kwa bahati mbaya. Masilamani. Ni gumu hilo?

Tatizo ni Kanniyappan, naye maiti wa siku nyingi. Kesho kuna maiti mmoja tu, baba wa shujaa, na kazi kapewa yeye. Sawa, ndiye aliyeniingiza kwenye fani. Lakini yeye atapata kufa tena wiki ijayo. Solveig hatakuwepo.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi nimemnong'oneza Dinakaran, msaidizi wa mwongozaji, kwamba Kanniyappan ana kikohozi kibaya. Maiti akohoe mbele ya mgeni? Aibu gani hiyo! Saa nne nilikuwa nimelazwa barazani, pamba puani, shada la maua shingoni.

Nilikufa vizuri mno. Mwongozaji akapiga kelele tukate. Sasa, kwetu aliyekufa kwenye picha huinuka palepale akacheka mbele ya kamera, ili kifo kibaki ndani ya filamu, kisimfuate nyumbani. Mimi sikuinuka. Nilitaka Solveig aone kifo cha fundi. Dinakaran akaniambia nicheke. Kimya. Akanitikisa. Kimya! Mwigizaji aliyekuwa mjane wangu akaanza kulia kwelikweli, akakimbilia garini. Kazi ikafungwa. Nikatolewa nje na pamba zangu puani, kamera imeshazimwa.

Alhamisi, 6 Juni

Mke wangu, Pushpavalli, amezipata habari sokoni. Hali chakula. Ameshaenda hekaluni mara tatu. Nikisinzia mchana ananiwekea kidole puani, aone kama napumua. Nikamwambia huo ni ushirikina. Akanijibu kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniuma: "Baba Selvi, wewe unataka jina. Mimi nakutaka wewe."

 Na kifua kinabana tangu jana. Naogopa.

Kanniyappan naye amerudishwa nyumbani na studio mbili. Hakuna anayetaka maiti anayekohoa. Sikukusudia uvumi ufike mbali hivyo.

Jumamosi, 8 Juni

Kanniyappan mlangoni! Solveig nyuma yake na daftari. Nikajua leo napigwa. Wala! Kikohozi hakukitaja. Alisema amesikia sikucheka, na hawezi kutulia kwake wakati mimi bado maiti. Akamwomba Solveig ashike simu yake, iwe ndiyo kamera. Kisha akajilaza sakafuni, akaanza kuniigiza ninavyokufa: jicho moja linafumbuka kutafuta kamera, mguu unajikuna, tumbo linavutwa ndani nionekane kijana.

Nikajikaza. Pushpavalli ndiye aliyeanza kucheka. Nikacheka mimi, nikacheka mpaka nikalia, na kifua kikaachia. Kanniyappan akainuka, akajipangusa vumbi. "Haya, umefufuka, mjinga wewe." Akaondoka bila hata kahawa.

Nilitaka kumwambia ukweli. Lakini Solveig alikuwa anaandika.

Ijumaa, 21 Juni

Makala imefika, kwa Kiingereza. Changu ni cha kubabaisha, ila kinatosha. Anasema amekutana na nyota wengi Chennai, lakini msanii aliyemgusa moyo kuliko wote ni maiti mmoja. Kanniyappan. Mimi nimo pia. Mimi ni "mwenzake". Basi! Nimeisoma mara nne, bado ni "mwenzake".

Pushpavalli hajui Kiingereza. Kanniyappan naye hajui, na Pushpavalli alikuwa ameshamwita aje asikie. Nikasimama, nikasoma kwa sauti, nikitafsiri taratibu. Nilibadilisha jina tu. Pushpavalli akalia kwa furaha. Kanniyappan akanikumbatia, akasema nimestahili, miaka yote hii. Nikatia bajia nzima mdomoni, nisije nikasema zaidi. 

Kisha akauliza, kwa aibu kidogo, kama na yeye ametajwa. Nikamwambia ndiyo, yuko: "mwenzake".

Alifurahi sana. Akaomba nimsomee tena pale. Nikamsomea mara mbili.