Nimefunga Koki

Jumatatu, 3 Februari

Mke wangu ametoa hukumu. Mama yake akizimia tena ndani ya jipu langu, anamhamishia kwa kaka yake, na yeye mwenyewe anafuatana naye kumuuguza. Kasema hayo huku anakunja nguo, bila kupandisha sauti. Hapo ndipo nilipojua hatanii.

Mama mkwe figo zimegoma. Kila Jumanne na Ijumaa nampeleka hospitali kwenye mashine ya kusafisha damu. Njia ni mawe na makorongo, na gari la kuipita ni langu tu. Tatizo ni hewa ya moto. Inatoka chini ya dashibodi, inapiga magoti, inapanda hadi kooni. Ukifungua vioo, vumbi linaingia na Mama anakohoa. Ijumaa iliyopita alizimia hata darajani hatujafika.

Shemeji, kaka wa mke wangu, anauza mapazia. Anakaa kwenye lami, jirani na hospitali. Ana kigari kinachopoa kama jokofu. Langu analiita jipu kwa maana zote mbili, la kupanda na la kutumbua. Watu wakicheka nami nacheka. Moyoni sicheki.

Dawa nimeipata. Hewa hupita tunduni, basi ziba tundu. Nimekata sponji kwenye godoro la Mama, upande wa miguu. Mama ni mfupi, hatajua.

Jumanne, 4 Februari

Kajua. Kumbe hulala kichwa upande ule. Kaamka shingo imepinda, wala hakulalamika.

Sponji ilizuia hewa mpaka njiapanda, kisha ikaanza kutoa moshi. Nikaichomoa nikaitupa nje. Mama hakuzimia, alitapika tu. Mimi nilihesabu hayo kuwa maendeleo. Mke wangu hakuhesabu.

Nilipomshika mkono kumteremsha, Mama aliniambia nisijali, angalau miguu yake haipati baridi. Mama huyu ananipenda bila sababu yoyote. Inaniuma.

Jumatano, 5 Februari

Fundi wangu amekwenda mbali kutengeneza matrekta, matibabu anatoa kwa simu. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kasema hewa hiyo ni ya hita. Maji ya moto ya injini yanapita kwenye koki, yanaingia kwenye hita, hita inatupulizia. Nifunge koki ya hita, yamekwisha.

Rahisi hivyo! Ya zamani ilikuwa kutu tupu, nikaing'oa. Nimenunua mpya, ya shaba, inang'aa kama bangili. Nimeifunga mwenyewe, mpira wa kuingiza huku, wa kutoa kule, klipu nikakaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Haivuji hata tone. Maji yanapita kama mto.

Nikawasha kujaribu. Moto umezidi! Nikampigia Fundi. Kauliza kama koki nimefunga. Nimefunga. Kabisa? Kabisa, hata kwa nyundo haitoki. Kasema kama koki nimefunga, basi tatizo haliko kwenye hita, labda joto ni la injini yenyewe.

Alhamisi, 6 Februari

Moto huzuiwa unakotoka. Nimeifunika injini kwa mablanketi kama mtu mwenye homa. Mbele ya rejeta nimefunga ubao, upepo usisukume joto kuja kwetu. Nimelizungusha gari uani na kulizima, na kwa muda ule mfupi sikusikia moto wowote.

Mke wangu kapita, kaangalia, kauliza kama Fundi ndiye aliyesema nifanye hivi. Nikamjibu tumeshauriana.

Ijumaa, 7 Februari

Jipu lilichemka korongoni, mahali ambapo hata simu inashika kwa kubembelezwa. Mvuke, na harufu ya blanketi linaloungua. Mama aliegemea mlango akasema ana usingizi. Halafu hakusema tena. Mke wangu alimwita Mama, Mama, kwa sauti ya mtoto aliyepotea sokoni.

Shemeji alikuja na kigari chake cha lami. Tumbo lote la gari kalichubua kwenye mawe, taa moja ikavunjika, hakugeuka kuitazama. Akambeba mama yake mgongoni kutoka kule chini. Sijawahi kumpenda shemeji kama leo, wala kumchukia kama leo.

Daktari kasema tungekawia kidogo tu tungerudi na maiti. Alisema hayo akinitazama mimi. Niliogopa. Bado naogopa, hata mwandiko wangu unaonyesha.

Jumamosi, 8 Februari

Shemeji kaja na gari la kukodi kuchukua vitu. Kitanda, ndoo, redio ya Mama, nguo za mke wangu. Godoro wameliacha.

Wakati dereva anafunga kamba, Shemeji aliinama kwenye jipu, nililolirudisha jana usiku lilipopoa. Kauliza kile kinachong'aa ni nini. Nikamwambia ni koki ya hita, kazi ya mikono yangu. Akaishika kwa vidole viwili, kama mtu anayekagua kitambaa, akaizungusha. Kauliza mbona iko wazi. Nikasema haiko wazi, nimeifunga Jumatano. Akaizungusha tena mpaka ikagoma, akaniambia niwashe gari.

Nikawasha. Tukangoja. Hewa ilitoka baridi. Mke wangu alikuja akaweka mkono pale, akacheka, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akalia, na hakutaka nimguse.

Fundi nimemweleza kwa simu. Kasema siku nyingine akiniambia funga, nifunge. Nikamjibu nimeelewa. Kaniambia pia kwamba yale mablanketi na ule ubao vimeiumiza rejeta, na mpaka arudi, injini itachemka mlimani. Ikichemka nisimame, nifungue boneti, ipumue, ndipo niendelee.

Nyumba kubwa mno. Nimekula nimesimama.

Jumapili, 9 Februari

Mama kapiga simu mwenyewe! Sauti ni ya mgonjwa, lakini ipo. Kasema kule mapazia ni mengi, hajui kama kumekucha. Anataka kwake. Mke wangu akaipokea simu. Kasema niende leo. Nikifika salama na gari limepoa, watapanda wote wawili. Nikikwama njiani, nigeuze hukohuko na nisiwafuate tena. Nikamwambia sasa mimi ni mtu mwingine.

Na kweli. Kinga ni bora kuliko tiba. Fundi anataka nifungue boneti mlimani, juani, gari likishachemka. Kwa nini ningoje kuchemka? Nimeifungua hapahapa uani, boliti zote, bawaba zote, kwa spana yangu. Sasa injini iko wazi, inapumua kuliko mimi.

Wingu zito limetanda upande wa korongoni. Afadhali, mvua itasaidia kupoza.

Boneti nimeiweka sebuleni, kwenye kiti cha Mama. Akifika nitaiondoa akae.