Lebo za Kitabu cha Viazi

Jumanne, 8 Julai 2025. Makambako.
Baridi kali, moyo moto. Vestina, mkutubi wetu hapa Lyamkena, katangaza mambo mawili. La kwanza: kuanzia leo msomaji yeyote anaweza kukipachikia kitabu neno lake mwenyewe kwa simu. Wengine wakitafuta neno hilo, kitabu kinajitokeza. Neno hilo analiita lebo. La pili: Jumatatu, kitabu ambacho hakijapata mwazimaji kinahamia stoo. Kitabu changu, Maisha Yangu na Viazi, kimepata mwazimaji mmoja. Mimi. Vestina anasema mwandishi hahesabiki. Na jirani yangu Joackim, mstaafu wa reli, ana kijitabu cha nguruwe kilichochakaa kwa kuazimwa! Inauma. Ila mimi nimestaafu ualimu, sijastaafu maneno.

Jumatano, 9 Julai.
Kazi imekwisha kabla ya chai. Lebo za kitabu changu: ndoa, mahubiri, gia, mtihani wa darasa la saba. Atakayetafuta chochote atakutana na viazi. Nimelala mchana kwa raha zangu.

Alhamisi, 10 Julai.
Dereva mmoja, Lenard, lori limemfia njia panda. Akatafuta gia. Akaazima haraka, akaenda kukifungulia chini ya lori. Karudi na grisi hadi kwenye viwiko, anauliza mbegu za viazi zinaingia wapi kwenye gia. Nikamweleza kuwa sura ya nne inagusia mkokoteni. Hakuridhika. Vestina kafuta lebo zangu zote, kasema kuazima kwa kulaghaiwa hakuhesabiki, na kanikataza kukipa lebo kitabu changu. Vya wengine hakuvitaja. Basi nikakipachikia cha Joackim neno moja tu: msiba. Tuone nani ataazima mkosi.

Ijumaa, 11 Julai.
Kamati ya msiba ilikuwa inatafuta namna ya kulisha waombolezaji. Wakaandika msiba, wakapata nguruwe. Wameazima kitabu na kununua nguruwe wa Joackim juu yake. Joackim kaniletea kipande cha nyama, anasema jirani ni jirani. Nimekila kwa hasira. Kitamu.

Jumamosi, 12 Julai.
Akili mpya. Leo jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwangu. Baada ya sala nikawaomba wote watoe simu, kila mmoja akipe kitabu changu neno jema kutoka moyoni. Mama Telesia, mkubwa wetu kwa umri, akaanza. Akaandika: Kamwene, Mwalimu. Nikamwambia kwa upole kuwa hiyo ni salamu. Akashangaa, akauliza tangu lini Mbena anamsifu mtu kabla ya kumsalimu. Wote wakamfuata. Kamwene, Mwalimu. Kamwene, Mwalimu. Nikauliza sifa ziko wapi. Wakasema wanangoja niitikie. Na mimi nimekatazwa kuandika pale! Kitabu sasa kinapatikana kwa mtu anayetafuta salamu. Eveline, mkwe wa Joackim, kaona uso wangu, kapita maktaba kukiazima. Kwa huruma, lakini huruma nayo inahesabika.

Jumatatu, 14 Julai.
Nilikwenda maktaba nimevaa suti, kama mtu anayekwenda kuzika, maana huenda Vestina haihesabu huruma. Stoo ilikuwa wazi, vitabu vinaingia. Changu hakimo! Eveline alikisoma kwa sauti ukumbini kwao, na mwanawe, ambaye hulia hadi mtaa mzima unajua, akalala kabla ya ukurasa wa tatu. Akakipa lebo: kinalaza mtoto. Kina mama wa Lyamkena wameipenda, kila mmoja kaongeza yake. Kuna foleni ya kukiazima. Joackim mwenyewe yumo, anasema usingizi wa mjukuu ni usingizi wake. Vestina kakiweka dirishani. Nimefurahi mpaka macho yakalowa.

Nimelitafakari jambo hili. Watoto wamenielewa kuliko watu wazima: wanatulia kwa sababu wanasikiliza. Nimeanza juzuu ya pili, yote kuhusu mbolea.

Kisha nikakirudia kile cha nguruwe, nikakipachikia lebo: kinaamsha aliyelala. Hapa Joackim haponi. Nani mjini humu atatafuta cha kumwamsha? Labda wale madereva wa malori wanaopita njia panda usiku kucha, na wao ni wangapi?