Kanzu Tatu za Mzee Mrisho

Jumatatu, 9 Juni 1975. Mbeya.
Baridi kali. Sijalala. Mjomba alipeleka posa jana kwa Mzee Mrisho, muuza mchele wa Chimala, na mzee kasema jibu atalitoa Ijumaa baada ya swala. Ijumaa! Namtaka binti yake, Siwema, mpaka nasahau kuwarudishia wateja chenji. Lakini baba yake ananionaje? Muuza tambi za taa na vibatari tu. Lazima nifanye jambo.

Jambo ninalo. Mashine ya kufulia! Regina Namba Tatu, nimeinunua Iringa kwa mhandisi wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao. Kanipa na kitabu chake cha ufundi. Kitabu ni cha Regina Namba Saba, ila ni ukoo mmoja.

Jumanne, 10 Juni.
Nimekisoma kitabu mpaka macho yanawasha. Kitaliano kitupu. Nikafuata picha. Swichi ya kitabuni ina alama saba, yangu ina tatu. Nimeamua tatu yangu ndiyo saba yao. Picha moja imenituliza moyo: bibi wa Kizungu anacheka huku akitumbukiza nguo nyeupe na za rangi, zote pamoja. Alinanuswe, dobi wa jirani mwenye pasi ya mkaa, alichungulia akauliza kama kitu hicho kinauma. Wivu!

Jioni kwa Mzee Mrisho. Shikamoo mbili. Nikamwambia kanzu zake za Ijumaa nitazifua mimi, bure, kwa umeme. Akasema hakuna haja, ni safi. Nikasisitiza. Akakataa tena. Nikasisitiza mpaka akachoka, akanipa zote tatu. Mkewe, Bi Bibie, akaongeza doti mpya ya kanga ya Siwema, nyekundu, akataka kunieleza jambo kuhusu kanga mpya. Nikamwambia asihangaike, kitabu kina kila kitu.

Jumatano, 11 Juni.
Mashine ilinguruma, ikatembea kutoka ukutani hadi mlangoni. Nikaikalia. Maji yakachemka. Nilipofunua, nikafunika tena. Kanga imetoa rangi yote. Kanzu za mzee zina rangi ya ufizi!

Alinanuswe akauliza kama niliiloweka kanga kwanza, peke yake, kwenye maji ya chumvi, kama afanyavyo kila mwanamke wa mji huu. Chumvi! Nimepekua kitabu chote, hakuna picha ya chumvi. Natoka jasho na baridi hii yote.

Halafu nikakumbuka buluu. Nguo nyeupe hutiwa buluu kidogo ili ing'ae. Nimetia pakiti zote zilizokuwa dukani.

Alhamisi, 12 Juni.
Zambarau.

Nimezikunja vizuri, nikazifunga kwenye gazeti, nikampelekea Bi Bibie. Nikamwambia asifungue mpaka kesho, zisije zikaingia vumbi. Kisha nikaondoka kwa mwendo ambao si wa heshima. Najua kesho ndio mwisho wangu, na Siwema ataolewa na yule mwenye lori ambaye naye anamtaka.

Ijumaa, 13 Juni.
Nilijibanza safu ya nyuma. Mzee Mrisho aliingia amevaa koti juu ya kanzu, amelifunga mpaka shingoni. Lakini koti linaishia magotini. Chini yake, zambarau tupu! Msikiti mzima ulikohoa.

Baada ya swala akaniita pembeni. Nilidhani atanipiga. Akazungumza polepole, na hilo likaniumiza zaidi.

"Muhidini, jibu letu lilikuwa ndiyo tangu Jumapili. Tulingoja Ijumaa kwa heshima tu."

Tangu Jumapili! Ningelala kitandani wiki nzima, leo ningekuwa mchumba. Mzee akaongeza kwamba sasa tungoje kwanza, mpaka watu wasahau. Nililia nyuma ya msikiti, kwenye bomba. Sioni aibu kuliandika.

Jumamosi, 14 Juni.
Siwema kaja dukani kununua utambi. Hakuniangalia usoni. Kasema baba yake amekasirika lakini hajabadili nia, na mama yake bado anacheka.

"Wewe kaa tu," akasema. "Mwezi mmoja. Usifanye kitu chochote, na mimi nitakuwa mkeo."

Maneno matamu kuliko yote niliyowahi kusikia. Nikamwapia, wallahi, sitafanya kitu.

Jumapili, 15 Juni.
Kukaa tu ni kazi ngumu! Tangu alfajiri nazunguka dukani. Je, mzee akidhani nimekata tamaa? Je, mwenye lori akipita kumsalimu?

Timotheo wa gereji kanipitia. Kasema kuna mmisionari Iringa anauza jiko la umeme, la zamani lakini zima. Na Mzee Mrisho, kila mtu anajua, hulainika kwa pilau.

Niko stendi, naandika juu ya goti. Basi la Iringa limeshawasha injini. Ni kweli, niliapa. Lakini Siwema aliposema kitu chochote, kwa hakika alikuwa anazungumzia nguo.